Sweta Zilizokataliwa Ulaya

Siku ile ya Shahe naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu, na ndoa yenyewe ilikuwa na mambo yake. Shahe ni soko la nguo za jumla kule Guangzhou. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, safari yangu ya tatu China, na kichwa kilishaanza kuvimba.

Mwaka ule Ulaya walikuwa wameziachia nguo za China ziingie kwao. Viwanda vyao vikalia, wakubwa wao wakashtuka, wakaweka kikomo: nguo kiasi fulani ziingie, zaidi ya hapo basi. Lakini mafundi wa Guangzhou walikuwa wameshafuma. Mizigo ikawadodea wenyewe, na sisi wanunuzi wa Kiafrika tukawa tunapongezana madukani kama watu waliopata mtoto. Ulaya wamefunga, tukasema, zamu yetu imefika.

Kwa laoban mmoja, ndivyo wanavyomwita bosi kule, nikakuta sweta za watoto wa shule za Ulaya, bluu tupu, zimejaa mpaka darini. "Ulaya meiyou," akaniambia yule mama, yaani Ulaya hakuna tena. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mpaka nikadhani nimesikia vibaya.

Nikafungua begi nikatoa sweta yangu mwenyewe. Ilikuwa kazi ya shangazi yangu wa Njombe, aliyenilea kwa kufuma sweta za shule. Alinifumia hiyo ya baridi ya safari kwa uzi uliobaki kwenye oda ya shule, bluu, mistari miwili ya njano shingoni. Kila mwalimu mkuu kwetu aliijua mistari ile. Nikamwambia laoban, zako zote zitiwe mistari kama hii. Akachukua mkasi, akakata kipande cha shingo ampelekee fundi wake.

Nilikuwa na Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Unguja aliyenifundisha kazi. Aliokota sweta iliyokatwa, akaipapasa.

"Hii kafuma nani?"

"Shangazi."

"Yule aliyekulea?"

"Ndiye."

Akasema, "Wazungu wana viwanda, wana serikali, na bado sweta hizi zimewatisha wakafunga milango. Shangazi yako ana mlango gani wa kufunga?"

Nami, kwa ujuaji wangu, nikamjibu, "Bi Zuhura, nisipochukua mimi watachukua wengine."

"Wengine hawana kipimo chake, hii mistari," akasema. Kwenye basi la kurudi alipakata mifuko yake akatazama dirishani mpaka tunashuka.

Mzigo ulipofika Njombe haukumaliza wiki mbili. Walimu wakuu walikuja wenyewe, na ile oda ya Januari aliyokuwa akiitegemea shangazi ikaja kwangu yote. Nilijiona nimefika.

Asubuhi moja shangazi akaingia dukani kwangu, amevaa gauni lake la kanisani. Akachukua sweta moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mistari.

"Shingo hii ni yangu," akasema.

Ningeomba radhi pale pale, mwanangu. Badala yake nikaanza kumpa mawaidha ya biashara, nikamwambia afume za watu wazima. "Watu wazima wanavaa mitumba," akanijibu. Hakugomba. Aliikunja sweta vizuri, akairudisha mahali pake, akaniambia, "Haya, mama, kazi njema." Nilitamani anitukane.

Wanawake watatu waliofuma naye wakaenda kuchuma chai. Mashine zake akazifunika khanga, na hakuzifunua tena mpaka tulipomzika. Ungekaa naye kanisani ungeona vidole vyake vinachezacheza mapajani, vinafuma hewa. Mimi nilikaa benchi la nyuma nisivione, na nilikuwa naviona.

Na usidhani nilitajirika. Mwaka uliofuata wengine walishusha sweta zenye mistari ile ile, rahisi kuliko zangu, kutoka kwa laoban yule yule. Wakanitoa sokoni kama nilivyomtoa shangazi. Nilichobaki nacho ni aibu.

Sasa nasikia wakubwa wanazuiana mizigo tena, nawe umeshapata viza na unacheka peke yako. Nakuelewa, ndivyo nilivyocheka. Nenda, biashara si dhambi. Lakini ukiona mzigo umekataliwa kwa wenye nguvu, kabla hujaufurahia uliza utamwangukia nani huku kwetu, na umtaje kwa jina. Nunua tusichoweza kutengeneza. Na kipimo cha mtu aliyekulea usikitoe begini, hata laoban akupe kiti na chai.

Sweta yangu ninayo bado, na shingoni pana pengo. Shangazi aliniita mara nyingi nikae kwenye mashine anifundishe, nikaona ni kazi ya kizee, kwa hiyo siwezi kuliziba.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde njiani, na akupe faida ambayo hutaona haya kumwonyesha aliyekulea.