Kidole Kilichonitetea

Daktari alinitazama mguuni kabla ya kunitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwenda hospitali na ndara.

"Mzee, hicho kidole kimefanya nini?"

Ni mwanamke wa bara, mpole, na neno mzee alilitumia kwa heshima. Hata hivyo liliniuma kuliko kidole. Nikamweleza kwamba nilijikwaa kwenye rundo la mawe ya ujenzi karibu na kwetu Wiyoni, huku nikisoma kwenye simu makala kuhusu faida za kutembea kwa wagonjwa wa moyo. Ukucha ukatunga usaha. Hakucheka, na hilo ndilo lililoanza kunitia wasiwasi.

Mbele yake palikuwa na majibu ya damu yangu. Mwaka juzi, kule Mombasa, nilitiwa kimrija kwenye mshipa wa moyo uliokuwa umeziba, na tangu hapo napimwa kila baada ya muda. Safari hii mafuta ya damu yalikuwa mazuri. Kilichopanda kinaitwa CRP, protini ambayo ini huimwaga katika damu mwili unapovimba mahali fulani. Kwa mtu kama mimi, alisema, yawezekana ukuta wa mshipa wa moyo umevimba kwa ndani, pale mafuta yalipojikusanya, mfano wa jipu lisiloonekana. Likipasuka, damu huganda juu yake na mshipa huziba.

"Lakini kipimo hakisemi ni wapi," akaongeza. "Inaweza kuwa kidole tu. Kitibu kwanza. Kikipona kabisa, rudi tupime tena."

Nikatoka na dawa ya usaha, na matumaini yangu yote nimeyabebesha kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Nyumbani ndiko nilikoharibu mambo. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na siwezi kuumwa hata na kichwa bila kutafuta istilahi. Mke wangu aliponiuliza majibu, nikamjibu kama kamusi: "Damu imeonyesha alama za uvimbe."

Akaliweka chini sinia la mchele aliokuwa akiuchagua. "Uvimbe? Wa wapi?"

"Hawajajua."

Kwa watu wote isipokuwa mimi na vitabu vyangu, uvimbe ni ule unaokatwa ukapelekwa kupimwa, ule ambao jina lake la pili halitajwi mbele ya mgonjwa. Kabla sijamaliza kufafanua, dada yangu mkubwa alikuwa kwenye simu kutoka Faza, analia.

"Umefura wapi? Sema! Wanificha mimi? Mimi mtu wa ndiani, si dada yako?"

"Dada, sikufura mahali."

"Damu yasema umefura, nawe wasema hukufura! Nimwamini nani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Nilichokuwa nacho ni kidole. Nikakipiga picha nikamtumia. Kikaja kicheko kilichotaka kuipasua simu.

"Ukucha! Nimelia hivi kwa ajili ya ukucha! Wallahi, ndugu yangu, chuo kikuu kimekuharibu."

Mke wangu akasema alhamdulillahi mara kadhaa, akarudi kwenye mchele wake. Nami nikacheka nao. Neno moyo sikulitaja.

Basi kila asubuhi mke wangu akawa ananikalisha kibarazani na kunitia mguu katika beseni la maji moto ya chumvi. "Kimepungua," alisema kwa furaha, na siku ya pili tena, "kimepungua." Nami nilikitazama kama mshtakiwa anavyomtazama wakili wake akikusanya makaratasi aende zake. Kidole kikiwa chekundu, nilikuwa na cha kulaumu. Kila kiliponywea, shaka ilipanda juu kidogo, kuelekea kifuani. Nilianza kupanda ngazi nikijisikiliza. Kiungulia cha sambusa kilinifanya nitoe shahada kimoyomoyo. Jirani aliponiuliza msikitini kidole chaendeleaje, nilimwambia bado kinauma, ilhali maumivu yalikuwa yamekwisha zamani. Nilikuwa nakipigania.

Hakikunisaidia. Kikapona, ngozi ikarudi rangi yake, nami nikaenda kutoa damu. Majibu yalipotoka mke wangu akataka tufuatane. Akabaki kwenye benchi la nje, nikaingia peke yangu.

"Imeshuka sana," alisema daktari. Nikashusha pumzi. "Lakini haijafika tunapotaka. Mzee, hii iliyobaki siwezi kukisingizia kidole."

Akanieleza kwamba haina maana jipu litapasuka kesho; ina maana hatari yangu ni kubwa kuliko tulivyodhani. Ataniongezea dawa ya kutuliza uvimbe, kidogo tu kila siku, juu ya zile ninazomeza. Nikibanwa na kifua nisingoje. Niliitikia kwa kichwa kila neno, kama mwanafunzi asiyesikia kitu.

Kwenye dirisha la dawa mke wangu alinitangulia kuuliza ni dawa ya nini.

"Hii kwa kawaida ni ya gauti, mama," alisema mtoa dawa, "ila hapa dozi ni ndogo."

"Gauti si ndiyo ile ya kufura kidole cha mguu?"

"Ndiyo hiyo."

Akanigeukia, uso wote umemeremeta. "Sikukwambia mimi? Kidole tu!"

Sikuwahi kupewa uongo mzuri namna ile, tena umeshafungwa ndani ya bahasha ya hospitali. Tulipofika nje, akatoa simu ampigie dada kule Faza.

"Usimpigie bado," nikasema.

"Kwani?"

"Dawa si ya kidole. Ni ya moyo. Wanadhani mshipa umevimba kwa ndani." Nilitafuta neno lingine, nisilipate.

Akairudisha simu ndani ya buibui. "Umejua tangu lini?"

"Sikujua. Niliogopa tu, tangu siku ya kwanza."

"Ukaogopa peke yako, na mimi naosha kidole."

Akanipokonya bahasha ya dawa, ingawa haikuwa na uzito wowote, tukatembea. Baada ya hatua chache nikagundua amepunguza mwendo.

"Chauma sasa hivi, hicho kifua?"

"La."

"Basi twende polepole."