Godoro la Mama Vumilia

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na kutoka kwetu hadi soko la Bunia, huku Kongo, mwendo wa dakika kumi, yeye alitumia karibu saa nzima. Hakusalimia tu na kupita. Alisimama, akauliza kama mguu wa baba umepona, kama mtoto amefaulu shuleni. Mimi nilimngoja mbele, beseni la samaki wa ziwani kutoka Tchomia kichwani, jua likinichoma, nikisonya.

Alimsalimia hata Mama Vumilia, mjane tuliyepakana naye, ambaye alimwaga maji machafu uwanjani kwetu na kuwaita watoto wetu wezi. Asubuhi ya siku tuliyokimbia pia alimwamkia. Hakujibiwa.

"Unajisumbulia nini?" nilimwuliza.

"Leo hakujibu. Kesho tutaona."

Kabla ya saa sita risasi zilianza kulia upande wa kiwanja cha ndege. Tulichukua watoto wawili, sufuria na makaratasi, tukaingia njiani pamoja na watu wa mtaa mzima.

Mlangoni kwake, Mama Vumilia alikuwa anavuta godoro.

"Mama, acha hiyo kitu," mume wangu alimwambia.

"Siachi. Niko na mugongo mubaya. Nitalala wapi, chini?"

Mume wangu akanipa mtoto aliyembeba. "Tangulia. Tutakutana ku daraja."

"Baba Aneti, weye iko na akili kweli?"

"Iko muzee. Siwezi kumuacha."

Niliondoka bila kumuaga. Nilikuwa nimekasirika.

Tulivuka daraja, tukangoja.

Watu walipita wengi, kisha wachache.

Mama Vumilia alitokea peke yake, bila godoro. Kitenge chake kilikuwa na damu, si yake.

"Alinisukuma mu mufereji," alisema.

Tulimzika mume wangu siku ya nne, risasi zilipotulia.

Miaka imepita. Mama Vumilia bado ni jirani yangu, na kila Jumapili baada ya misa anakuja kwangu. Anasema chai ni nyepesi. Anasema binti yangu hana adabu. Asante sijawahi kuisikia. Na watu wananiambia mume wangu alikuwa mtu mwema, kana kwamba mimi sikujua, kana kwamba wema huo ulinisaidia kulea watoto wawili peke yangu. Angekuwa mbaya siku ile moja tu, kwa nusu saa, tungezeeka pamoja. Nimewaza hivyo mara nyingi, na sijui nani wa kumwomba msamaha.

Jumapili iliyopita Aneti alimwona Mama Vumilia kupitia dirisha, anakuja polepole.

"Mama, niseme hauko?"

Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Mufungulie," nilisema. "Na umuletee kiti."

Nilibaki jikoni kidogo na hasira zangu. Kisha nikabeba chai.