Ujumbe Uliosomwa Kwenye Foleni ya Majani Chai

Jumatatu ile nilifundisha huku nikiisikiliza simu mfukoni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Runyenjes. Mume wangu anafanya kazi Meru mjini na huja nyumbani wikendi. Wikendi hiyo kondomu ilitupasukia, na tulikuwa tumeshakubaliana kwamba watoto watatu wanatutosha. Nilihitaji P2, zile tembe za dharura za kuzuia mimba, na nilijua kadiri ninavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu.

Kemisti iko pale sokoni. Lakini muuzaji wake tunaimba naye kwaya, na niliwahi kumsikia, tukingoja mazoezi yaanze, akisimulia mke wa nani alinunua nini. Ndiyo maana niliagiza mtandaoni, kutoka duka la dawa la Embu mjini lililoahidi kufunga mzigo kwa karatasi isiyo na maandishi yoyote.

Mchana ulifika bila ujumbe. Nikapiga simu dukani.

“Mzigo ulishachukuliwa, madam.”

“Na nani?”

“Na mwenye namba.”

Hapo nikakumbuka. Miezi kadhaa nyuma niliagiza kwao dawa ya kuchua magoti ya mama mkwe wangu, nikaandika namba yake ili apigiwe yeye. Namba ile ilikuwa imebaki kwenye akaunti yangu, nami kwa haraka zangu sikuitazama.

Niliomba ruhusa shuleni nikaenda nyumbani, nikamkuta mama mkwe jikoni kwangu, bado amevaa gamboti za shambani, bahasha ya kahawia mapajani. Ilikuwa imefungwa vizuri, kama walivyoahidi.

“Keti,” akasema. “Nilikuwa kwenye foleni ya kupima majani chai, simu ikalia. Nikajua ni dawa ya magoti. Macho yangu unayajua. Nikampa jirani anisomee, naye akasoma kwa sauti.”

“Akasoma nini, Mama?”

“Yote. Kwamba tembe zangu za kuzuia mimba zimefika, na mtu wa boda ananitafuta.”

Nilishika ukingo wa meza. Kwenye foleni ile husimama wazazi wa wanafunzi wangu na nusu ya kanisa letu.

“Ukawaambia nini?”

“Nikawaambia ni zangu.”

Nilimtazama. Mjane aliyekaribia miaka sabini, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu asiyeweza kutamka neno mimba mbele ya wanaume.

“Walicheka mpaka karani akaacha mizani,” akasema. “Mmoja akaniuliza huyo mzee ni nani. Nikamwambia apime majani yake.” Yeye hakuwa anacheka.

Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza. “Hizi hazina wakati wake?”

“Zinao.”

“Basi meza.” Akaninyooshea kikombe cha maji.

Nikameza akinitazama. Halafu akasema, bila kubadilisha sauti, “Huyo mume wako ndiye wa nane. Nilikuwa nimechoka. Nililia mimba nzima, na hakuna aliyeniuliza nalilia nini. Alipozaliwa nikampenda. Lakini sikuwa nimemtaka.”

Akainuka, akachukua kikapu chake mlangoni, akaenda kukamua ng’ombe. Mimi nilibaki pale mpaka watoto wakarudi kutoka shule.

Kesho yake niliwapigia wale wa duka. Meneja alisema ujumbe huandikwa na kompyuta. Nikamwambia kompyuta haikusimama kwenye foleni ile. Akaifuta namba ya mama nikiwa bado kwenye simu, na kuahidi kwamba hawatataja tena jina la dawa kwenye ujumbe. Kama walitimiza, sijui. Sijaagiza kwao tena.

Siku zangu zilikuja. Kule kwenye kituo cha majani chai bado wanamwita mama “msichana” anapofika na kikapu, naye hawajibu. Mume wangu nilimweleza habari ya ujumbe, akashika kichwa. Hayo mengine sijamwambia, na sidhani ni mimi wa kumwambia.