Namuria Alitoa Damu Mara Mbili

Tuseme ukweli tangu mwanzo: Namuria wa Nawoitorong, pale Lodwar, hakuwa na nia mbaya. Nani angekuwa nayo kwa pacha wake? Yeye na Rispa walifanana mno, hata mama yao mpaka anakufa alikuwa akimwita huyu kwa jina la yule. Ndoa ndiyo iliyowatenganisha. Namuria alibaki Lodwar akisuka vikapu, akila uji wa mtama, samaki, na mboga zinazoletwa kutoka Katilu. Rispa aliolewa Kakuma, akafungua kibanda cha chai nje ya kambi ya wakimbizi. Na chai ya Rispa, jamani! Sukari ilijaa nusu kikombe. Asubuhi chai na mandazi, mchana soda, jioni chai tena.

Basi watafiti waliokuwa wakitafuta mapacha walipowapata hawa wawili, walifurahi kweli. Jessica, aliyewaongoza, aliwaeleza kwa subira: nyinyi mmezaliwa na mwili wa aina moja, lakini mnakula tofauti, tunataka kujua lipi linatokana na kuzaliwa na lipi linaletwa na chakula. Maswali waliyajibu kwa vicheko. Shida ilikuja kwenye damu. Namuria alitolewa yake Lodwar siku ya Jumatatu. Rispa alipangiwa Kakuma Alhamisi, naye Rispa aliogopa sindano kuliko nyoka.

"Nenda wewe," alimbembeleza mwenzake kwa simu. "Si damu yetu ni moja? Tumetoka tumbo moja, siku moja. Watajuaje?"

Namuria alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasafiri hadi Kakuma, akavaa shanga na shuka la Rispa, akaingia zahanati na kunyoosha mkono wa pili, ule usio na alama ya sindano.

"Ejok, Rispa," Jessica alimsalimia.

"Ejok," aliitika, macho makavu.

Majibu yalikuja safi kwa wote wawili. Sukari ya damu haina neno. Na hapa ndipo Namuria anapojilaani hadi leo, kwa sababu hakunyamaza tu, aliamini kweli kwamba damu yao ni moja. Rispa alipolalamika kwamba ana kiu isiyokatika, kwamba nyayo zimekufa ganzi, ni yeye Namuria aliyemwambia, "Acha wasiwasi wako. Damu yetu si ilipimwa?" Mwili ukazidi kulegea, na Rispa akazidisha sukari apate nguvu. Mwaka mzima!

Kisha akatoka kidonda mguuni, na kilipoanza kuoza, Rispa aliletwa hospitalini Lodwar. Muuguzi alimchoma kidole kupima sukari: ishirini na saba, na ya mtu mzima wa afya haifiki hata kumi.

"Mashine yenu imeharibika," Namuria alifoka. "Nipimeni na mimi."

Tano. Aliomba arudiwe. Tano tena. Alisimama pale akitazama kidole chake mwenyewe.

Alimweleza daktari kila kitu. Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alisema tu kwamba mguu lazima ukatwe chini ya goti, leo hii.

Kitanda kilipoanza kusukumwa, Rispa alimshika mkono kwa nguvu. Usoni hakuwa na lawama hata kidogo, alikuwa na hofu tu.

"Naogopa, pacha wangu," alisema. "Ingia wewe."

Namuria alitembea kando ya kitanda mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na muuguzi akamwambia aachie mkono.