Bunduki Zilipomsubiri Mirliton

Kama umewahi kuwinda bata na Mjomba Eusèbe Trosclair, najua umewahi kumkasirikia. Mimi nilianza kumkasirikia nikiwa bado na meno ya utotoni. Bata wanakuja, wamekunja mabawa, miguu wameshaitanguliza chini, na yeye anainua kiganja: subiri. Kwa nini tusubiri? Kwa sababu bata wale wanaitwa na mtu mwingine. Amesikia filimbi ya jirani upande wa pili wa matete, na kwa Mjomba, bata anayeitikia wito wa jirani ni mgeni wa jirani, hata akipita juu ya kofia yako. Basi unakaa umenuna, bunduki imelala mapajani, unamtazama bata mnono akienda zake kuingia kwenye chungu cha watu.

"Wako atakuja," ananiambia.

"Wangu ndiye yule, Mjomba! Si kapita hapa hapa!"

"Kapita, hakuja. Nyamaza, Theda, unawatisha."

Hakuwa mjomba wangu wa damu. Kwetu Pointe Sauvole kila mwanamume aliyekuzidi umri na ambaye hajawahi kukupiga ni mjomba. Kiangazi alishona nyavu za wavuvi wa kambamiti, amekaa kibarazani na masikio yake makubwa kama vishikio vya sufuria. Baridi ikiingia alisukuma mtumbwi kwa upondo mpaka kificho chake cha matete katika kinamasi cha Tambour, pale pale alipowinda baba yake. Akishapata bata wa kumtosha kwa mchuzi wa gumbo wa Jumapili, alikusanya bata wake wa mbao, wale wa kuhadaa wenzao majini, na kuondoka, hata kama anga limejaa. Akimkuta mtu njiani anatafuta mahali, alimwambia, "Nenda kakae pale kwangu, pana joto bado." Nilikuwa nikidhani ni uvivu. Siku hizi najua ni kitu kingine, lakini sitaki kukipa jina kubwa. Muungwana ni vitendo, basi.

Mkewe Odile alipofariki, nyumba ilibaki na watu wawili: yeye na Mirliton. Mirliton ni mbwa jike, mweusi, na jina lake ni la lile tunda la kijani tunalolipika na kambamiti. Akiwa mdogo aliingia bustanini akala mirliton zote za Odile, akaacha vikonyo tu. Odile alisimama pale mikono kiunoni, akacheka mpaka akakaa chini. Mjomba alipenda kutuhadithia kicheko hicho. Alipokuwa akikihadithia, mkono wake ulikuwa daima juu ya kichwa cha mbwa.

Sasa, mbwa wa watu wengine humwokotea bwana wake. Mirliton alifundishwa vingine. Nusu ya wawindaji wa Tambour hawana mbwa, na bata aliyejeruhiwa akiangukia ndani ya matete, mtu peke yake hampati. Anaoza bure, na hiyo kwetu ni aibu kuliko kukosa. Basi Mjomba alimfundisha Mirliton kufuata mlio wa bunduki yoyote. Anasikia mlio, anakwenda, ananusa, anaokota, anarudi kwa Mjomba. Halafu Mjomba anapanda mtumbwi kumpeleka bata kwa mwenyewe. Hakutokea mbele ya kificho cha mtu hata siku moja. Alikuja kwa nyuma, akikohoa kwa mbali, kama mtu anayefika kwa mama mkwe.

Nami nina deni lake la moyo, nalisema wazi. Baba yetu alipofariki, mimi na kaka yangu Dovic hatukuwa na nguvu ya kwenda kinamasini msimu ule. Mahali pa kuwindia ni pa anayewahi. Pakikaa wazi, pamechukuliwa. Mjomba aliamka kabla ya watu wote, siku hadi siku, akaenda kukaa kwenye kificho cha baba yetu bila kupiga hata risasi moja. Aliyekuja kupataka aliambiwa, "Samahani, wenyewe wanakuja." Msimu ulipofuata tulikikuta kificho kimeezekwa matete mapya. Dovic alikwenda kumshukuru, akaambiwa ni upepo umeyaleta.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi ya mwisho ya msimu.

Baridi kali ilikuwa imeshusha bata kutoka kaskazini kwa makundi, kisha upepo wa kusini ukarudi na joto lake juu ya maji yaliyopoa, ukungu ukazaliwa. Kila mtu alikuwa kinamasini. Hata kile kificho cha kukodisha upande wa mashariki kilikuwa na wageni wawili kutoka mjini, wale ambao mabuti yao bado yananuka duka. Kulipokucha bunduki zilianza kila upande, na bata waliibuka ndani ya ukungu karibu sana, kama wametoka mfukoni mwa mtu.

Katikati ya raha hiyo nikasikia ko, ko, ko. Mti ukigonga mti. Kimya kidogo, halafu tena: ko, ko, ko.

"Dovic, sikiliza. Mjomba anagonga mtumbwi."

"Anamwita mbwa. Inama, wanakuja watano."

"Anamwita mara ngapi? Yule mbwa huitwa mara moja."

Sikungoja jibu. Nilichukua upondo nikaenda, nikamkuta Mjomba amesimama ndani ya mtumbwi, anaugonga ubavuni kwa shina la upondo. Anagonga taratibu, tena anagonga pale tu bunduki zinaponyamaza, asimsumbue mtu.

"Mirliton yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Kidogo tangu saa ngapi, Mjomba?"

Alitazama ukungu. Mirliton alikuwa ametoka na risasi za kwanza kabisa za alfajiri. Hapo nikaelewa. Mbwa mzee, maji ya barafu, haoni kitu, na kila bunduki inapolia anageuka kuifuata. Inalia huku, anakwenda huku. Inalia kule, anakwenda kule. Mjomba alimfundisha kumhudumia kila mtu, na sasa kila mtu alikuwa anamwita kwa wakati mmoja. Angeogelea mpaka azame.

"Nitawaambia waache kupiga," nikasema.

"Hapana, hapana. Theda, tafadhali. Jumamosi ya mwisho, asubuhi kama hii! Watu wameingoja mwaka mzima. Usiwaharibie." Akainua upondo agonge tena. "Yeye atarudi. Ana akili."

"Akili anayo yeye. Wewe ndiye huna."

Mungu anisamehe, nilimwambia hivyo mzee wa watu. Halafu nikafanya jambo ambalo Tambour halifanywi wakati bata wanaruka: nilijaza kifua nikapiga kelele. Dovic husema mdomo wangu peke yake unaweza kufukuza bata kutoka hapa mpaka Texas, na maisha yangu yote nimeambiwa niufunge. Siku ile niliufungua.

"OYAAA! ACHENI KUPIGA! MIRLITON AMEPOTEA! ACHENI KUPIGA, PELEKENI NENO!"

Kisha sauti kutoka kwenye ukungu: "Mirliton wa Mjomba?"

"Kuna mwingine?"

"Haya! Tumeacha! Peleka neno, we Ulysse, acheni huko!"

"Tumeacha!" ikajibu nyingine, mbali zaidi, kisha nyingine, kwa mbali kama mbu. Mmoja akauliza ni nani yule mwenda wazimu anayepiga kelele, nikamsikia Dovic akimjibu, "Dada yangu, nani mwingine?" Bunduki zikazimika moja baada ya nyingine, mpaka ukabaki upande mmoja tu, mashariki. Pa! Pa! Wale wageni. Hawakutujua sisi, wala Mirliton, wala hawakuelewa kelele zetu ni za nini.

Nilisukuma upondo mpaka mabega yakawaka. Njia nzima nilikuwa natayarisha maneno, na si maneno ya kanisani. Nilipokaribia kificho chao kwa nyuma, bata kadhaa walikuwa wanazunguka juu yao, wanashuka, wanapima. Na kwetu, kumtawanyia mtu bata wanaozunguka ni sawa na kumwaga maji kwenye gumbo yake ikiwa jikoni. Kama ningekuwa peke yangu duniani ningepita katikati. Lakini nilimsikia Mjomba kichwani: kwa nyuma, kohoa kwanza. Nikachoma upondo kwenye tope nikasimama. Mbwa anazama, mimi nasubiri bata wa watu wamalize kuzunguka! Nililia kwa hasira, nakwambia kweli.

Pa! Bata mmoja akaporomoka ndani ya ukungu, chubwi, mbali. Ndipo nikakohoa.

"Habari za asubuhi. Jirani yenu hapa. Samahani kwa kuwaingilia."

Mwanamume mwenye miwani iliyofunikwa na ukungu akageuka. "Nzuri. Kuna shida?"

"Kuna mbwa wa mzee wetu amepotea majini. Amezoea kufuata mlio wa bunduki. Wenzenu wote wamenyamaza ili asikie anapoitwa. Nawaomba na nyinyi."

Mwenzake, kijana wa mashavu mekundu, akasema, "Ah, mama, mpaka lini? Tumelipia leo, na kesho msimu umekwisha."

Yule wa miwani hakumtazama. Alikuwa anatoa risasi kwenye bunduki yake, moja moja, anaziweka kwenye benchi.

"Wade, toa risasi."

"Lakini Prentiss, huyo ndiye bata wako wa kwanza, hata hatujamfuata!"

"Nimesema toa." Kisha akaniambia, kwa aibu kidogo, "Nadhani nimempata mmoja. Sina hakika. Lakini mbwa kwanza."

Nikamwambia asante, na yale maneno yangu mabaya yote yalikuwa bado mdomoni na hayakuwa na pa kwenda.

Niliporudi kwa Mjomba, Tambour ilikuwa kimya kama sijawahi kuisikia asubuhi ya kuwinda. Ko, ko, ko. Sasa aligonga kwa nguvu, bila kungoja nafasi, kwa sababu nafasi yote ilikuwa yake. Na bata, waliposikia kumenyamaza, wakaanza kushuka. Walitua katikati ya bata wa mbao wa kila mtu, wakajinyoosha, wakapiga mbizi, wakatutazama kama sisi ndio wageni. Mbele ya vificho vyote vya kinamasi, watu walioingoja asubuhi hiyo mwaka mzima walikaa bunduki mapajani wakatazama tu. Hakuna aliyepiga. Hata Dovic, ambaye namjua.

Ko, ko, ko. Muda ulikwenda. Mkono wa Mjomba ukachoka, nikataka kumpokea upondo, akakataa kwa kichwa. Alisema kwa sauti ndogo, "Odile nitamwambia nini?"

Tulimsikia kabla ya kumwona. Ilikuwa ile pumzi ya puani, nzito, ya mbwa ambaye mdomo umejaa. Kisha kichwa cheusi kikatokea kwenye ukungu, chini chini, maji yamefika machoni, na mdomoni amebeba bata dume mwenye mkia mrefu uliochongoka. Alikuwa anazama, na hakumwachia.

Mjomba alijitupa majini bila kuuliza kina. Maji yakamfika kifuani, yakaingia kwenye mabuti, akamkumbatia mbwa na bata pamoja, akawa anasema, "Mama wee, mama wee, mama wee," masikio yake makubwa yamekuwa mekundu. Tuliwavuta mtumbwini, tukamfunga Mirliton kwa koti lake na langu. Alitetemeka mpaka mtumbwi wote ukatetemeka. Nikapiga kelele kwa mara ya mwisho, "AMERUDI!" Kelele za furaha zikajibu kutoka kila upande, na bata wote wa Tambour wakaruka kwa mpigo mmoja, mabawa yakanguruma juu yetu. Bado hakuna aliyepiga.

Unafikiri alitaka kwenda nyumbani? Alimshika yule bata, akampangusa tope kifuani. "Wa nani huyu?"

"Mjomba, umelowa mpaka shingoni!"

"Nimekuuliza wa nani."

Bunduki ya mwisho kulia ilikuwa ya wale wageni, basi tukaenda mashariki. Alikohoa kwa mbali. Akampa Prentiss bata wake kwa mikono miwili, akamwomba radhi kwa kumchelewesha. Prentiss alimtazama mzee anayechuruzika maji, akamtazama mbwa ndani ya makoti, akasema, "Mzee, nakuomba, mchukue wewe. Ni wa mbwa wako huyu."

"Mbwa wangu si mwizi," Mjomba akasema, akatabasamu. "Wa kwanza, eh? Mpike taratibu. Na asante. Asante sana, mwanangu."

Tenda wema nenda zako, wanasema. Mjomba alikuwa ametenda na kwenda zake maisha yake yote, na asubuhi ile akageuka akakuta watu wamesimama nyuma yake.

Tulipokuwa tunarudi aliacha kusukuma, akasikiliza. "Mbona hawaanzi?"

"Wanakungoja wewe."

Hakuamini. Akangoja kidogo. Kinamasi chote kikangoja naye. Mwishowe akachukua bunduki ya baba yake, akaielekeza juu angani ambako hapakuwa na bata, akapiga moja, machozi yakimtiririka waziwazi.

Mirliton akainua kichwa kutoka kwenye makoti. Masikio yakasimama, miguu ikaanza kutafuta ukingo wa mtumbwi.

"Tulia, mama," Mjomba akamwambia, akimkumbatia asiruke. "Leo wamekuokota wao."