Kinanda Alichokiacha Shangazi Signhild

Majira ya joto ya mwaka 1985, watengeneza filamu walikuja kisiwani kwetu Gotland, huko Uswidi, wakamwajiri shangazi yangu Signhild awapikie. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, hakuwahi kuolewa. Mpaka leo nikifumba macho naisikia harufu ya jikoni kwake, kahawa na zafarani.

Filamu ilimhusu mwalimu mzee aliyesikia redioni kwamba vita vya nyuklia vimeanza, akamwahidi Mungu kuacha anachokipenda kuliko vyote ili dunia ipone. Mwongozaji, mtu mkimya kutoka ng'ambo, alihangaika na mwigizaji wake siku tatu nzima. Kila mwigizaji alipopiga magoti kutoa ahadi ile, alilia kupita kiasi.

Siku ya nne shangazi, huku akimenya viazi, akasema mtu anayeahidi hivyo halii. Mwongozaji akamuuliza amejuaje.

"Nilishaahidi," akamjibu.

Akamsimulia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli aliyokuwamo kaka yake mdogo, Torgny, ilizamishwa baharini. Siku tisa, hakuna habari. Shangazi ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa letu, na alishapata nafasi ya kwenda Stockholm kusomea muziki. Akakifunga kinanda, akaahidi hatakigusa tena. Siku ya kumi wavuvi wakamleta Torgny, hai.

Mwongozaji akamwomba apige kidogo tu mbele ya kamera. Akakataa. Yule bwana hakumsumbua; akapiga picha mikono yake ikimenya viazi. Mwigizaji alikaa akiitazama mikono ile, kisha akaenda kupiga magoti, macho makavu. Safari hii mwongozaji akaikubali picha.

Torgny ndiye baba yangu. Miaka yote alimtania dada yake kwamba kinanda alikiacha kwa uvivu. Dereva wa watengeneza filamu, aliyeyasikia yale ya jikoni, ndiye aliyemtobolea siri. Baba akaenda moja kwa moja jikoni kwa shangazi, nami nikamfuata.

"Dada, kumbe ni kwa ajili yangu? Mbona hukuniambia?"

"Ungenibembeleza nipige," alisema shangazi. "Na mimi ningekubali. Kaa unywe kahawa."

Utani ule ukaisha. Jumapili baba alianza kumpitia, wakakaa benchi moja kanisani, mimi nyuma yao. Kinanda kikilia, vidole vya shangazi vilitembea taratibu juu ya mkoba wake, na baba aligeuka kutazama dirishani mpaka wimbo umalizike.