Bidoni la Njano Ukutani

Mimi huzungumza na watu wa mbali kwa redio, kwa kujifurahisha tu, na mtambo ule wa antena niliujenga kwa sababu ya uvivu, sifichi. Waya ulitoka pembe ya paa hadi nguzo ya tangi la maji, na kila nilipohama masafa ilinibidi nitoke nje kuzungusha swichi ya kisanduku cha kulinganishia antena kilichokuwa mwanzoni mwa waya, kwenye ukuta unaotutenganisha na jirani. Na mvua za Bujumbura hazina adabu. Nikatafuta mota ndogo ya kioo cha gari, nikaifunga kwenye kisanduku, nikavuta nyaya mpaka mezani kwangu, kisha nikakifunika chote kwa bidoni la njano, dumu la mafuta nililolikata kitako. Sasa nikibonyeza kitufe ndani, bidoni linanguruma huko nje na redio inashika.

Nilifurahi kama mtoto. Sikufikiria kwamba hapa mtaani kwetu Jabe watu wameshaokota vipande vya guruneti vibarazani mwao, na bidoni lenye nyaya, linalonguruma peke yake, hawawezi kuliita redio.

Kibali changu cha redio kilikuwa halali, nimekitundika ukutani. Lakini hakuna aliyekuja kukiuliza, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa Ramadhani. Sahani za futari huzunguka kati ya nyumba zetu, na hairudi sahani tupu. Ya mke wangu ilirudi na sambusa zetu zilezile, zimefunikwa vilevile. Kisha akaniambia kwamba sokoni wanawake wanamuuliza mume wake anaongea na nani, na kwamba watu wa usalama wameshaulizia nyumba yetu. Niliogopa, tena sana.

Nikaamua kumwita jirani, muuza magodoro niliyesoma naye madrasa, asikie mwenyewe wasiwasi umtoke. Alikuja baada ya Alasiri. Nikamvika visikizio, spika nikaiacha wazi, nikabonyeza kitufe. Bidoni likanguruma, mvumo ukapungua, ikaja sauti ya mwanamume katika lugha ambayo hata mimi siijui. Halafu akataja, moja moja, herufi zilezile zilizoandikwa kwenye kibali changu, jina langu la redioni. Alikuwa ananiita.

Mimi nilitabasamu. Jirani alivua visikizio taratibu.

"Mi nilikuwa naapia watu kama we hauko mutu wa vile," akasema. "Sasa wakiniuliza, nitaapa namna gani?"

Akatoka bila kuaga. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakunilaumu. Aliingia chumbani, akatoa begi, akaanza kukunja mashati yangu, niondoke kabla watu wa usalama hawajafika.